Nilipomkamata Dorika

Nakumbuka alasiri moja ya Agosti, mwanangu, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, mlima hatujauona kwa wiki mbili, nami nimeketi kando ya kitanda cha baba yangu, kitabu mkononi na uongo mdomoni. Ningependa kukwambia kwamba nilikuwa mtoto. Sikuwa mtoto. Nilikuwa mwalimu mwenye cheti, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, na nilijua vizuri nilichokuwa nikifanya.

Nakusimulia haya kwa sababu ya jana jikoni. Niliingia kuchukua chumvi, wewe ukaificha simu chini ya leso. Nikakuuliza unasoma nini, ukanijibu, "Ni vitu za shule tu, Cucu." Nyambura, mimi nyanya yako nimefundisha maisha yangu yote. Uso wa mtu anayesoma vitu vya shule naujua, na wako haukuwa huo. Ulikuwa unatabasamu peke yako na githeri inaungua. Sikukugombeza, na leo pia sijakuita nikugombeze. Nimekuita kwa sababu ulipoificha ile simu nilijiona mimi mwenyewe, na moyo ukaniuma.

Baba yangu hukumkuta. Alikuwa mpishi katika hoteli moja huko Nanyuki kwa miaka mingi, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, ndiko pia alikopata ugonjwa wa kusoma. Alipoacha kazi alirudi hapa kwenye shamba letu la kahawa, akaokoka, akawa mzee wa kanisa. Akisimama kusoma neno Jumapili, hata watoto wachanga walikuwa wakinyamaza. Halafu kisukari kikamshika. Kilianza na vidole vya miguu, kikapanda, kikala macho yote mawili. Mwaka huo daktari alituita kando akasema tumrudishe nyumbani. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyeuliza. Mama alikuwa amefariki miaka miwili kabla, nikiwa chuoni, kwa hiyo shule zilipofungwa nilitoka Kiganjo nilikokuwa nikifundisha, nikaja kumuuguza.

Nilikuja na nguo chache na mfuko mzima wa vitabu. Vitabu vizito, mwanangu, vile tulivyovichambua chuoni mpaka vikatoka jasho. Siku zile niliamini kwamba kitabu kizuri ni kile kinachokuchosha. Nilijiambia, baba yangu amekuwa msomaji maisha yake yote bila mwongozo. Sasa ana binti mwalimu, aondoke duniani akiwa ameonja vitabu vya maana. Kila alasiri baada ya uji nilikuwa nikimsomea sura moja. Nikimaliza sura nafanya kile walimu wa nchi hii tulichofundishwa kufanya.

"Baba, umeona maudhui gani hapo?"

"Ati nini?"

"Maudhui. Mambo ambayo mwandishi anatufunza."

"Mimi nimeona huyo mtu anaongea sana," akasema baba. "Maitu, niko mgonjwa. Usinipatie mtihani."

Aliniita maitu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu. Hata akikasirika aliniita hivyo. Nawe cheka tu, mimi pia hucheka nikikumbuka yale maswali yangu, kisha kicheko kinaishia njiani.

Siku ya tano au ya sita alinikatiza katikati ya ukurasa. "Wacha hiyo kidogo. Enda kwa store. Kuna debe ya mahindi, ile iko na mfuniko. Ingiza mkono mpaka chini. Hiyo kitabu utapata, hiyo ndiyo nataka."

Nikaenda. Nikazamisha mkono kwenye mahindi mpaka kiwiko, nikatoa kifurushi cha karatasi ya nailoni. Ndani mlikuwa na kitabu chembamba, kurasa zimegeuka rangi ya chai, na kwenye jalada mwanamke mwenye sketi fupi ameshika bastola. Nilisimama pale storini nikaona haya kana kwamba nimemkuta baba yangu baa. Mzee wa kanisa! Nikatazama mlangoni kama kuna mtu ameniona.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalonitia aibu zaidi. Chini ya nguo zangu, ndani ya mfuko, mimi mwenyewe nilikuwa na riwaya ya mapenzi, ya kijinga kabisa, nimeifunika kwa karatasi ya kaki tunayofunikia vitabu vya wanafunzi, na juu yake nimeandika kwa mwandiko mzuri: Mwongozo wa Mwalimu. Nilikuwa nikiisoma chooni. Waliosema nyani haoni kundule walikuwa wameniona mimi.

Nilimzungusha baba siku kadhaa. Leo nina nguo za kufua, kesho nina wageni. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Maitu, mimi sina siku nyingi za kungoja," nikaona sina njia. Nikafungua.

Kilikuwa kisa cha msichana anayeitwa Dorika, mfanyakazi wa nyumbani wa tajiri mmoja katili. Siku moja Dorika anachukua vito vya tajiri wake, anachukua na bastola, anatoroka. Kitabu kizima ni Dorika anakimbia, na nyuma yake yuko inspekta mmoja asiyelala. Nitakwambia jambo ambalo wakati ule nisingelikiri hata kwa kiboko: kilikuwa kitamu. Kipendacho roho hula nyama mbichi. Nilikuwa nikiosha vyombo nawaza Dorika amejificha wapi. Lakini mbele ya baba nilikisoma kwa sauti baridi, kama mtu anayesoma tangazo la chifu, na kila nilipofika mahali pa mabusu au pa pombe niliruka.

"Hapo umeruka," baba akasema mara moja.

"Karatasi zimeshikana, Baba."

"Hapo hazijawahi kushikana."

Sikujiuliza amejuaje. Mtu mwenye kiburi hajiulizi mambo madogo. Nilirudi nyuma, nikasoma mabusu haraka haraka, tukaendelea. Na baba, ambaye kwenye vitabu vyangu vya maana alikuwa akisinzia mpaka mate yanamtoka, alikuwa amelala chali, macho yake yasiyoona yako wazi, mkono mmoja ukipapasa ubavu wa kitanda, palipokuwa patupu. Nikadhani ni homa.

Asubuhi ya siku ya mwisho nilisoma mwisho peke yangu kwanza, nimesimama karibu na tangi la maji. Dorika amefika kwenye mto wa mpakani. Inspekta yuko nyuma yake, bunduki ameielekeza, na hawezi kumkosa. Anamtazama. Kisha anashusha bunduki. Dorika anaingia majini, anavuka, anapanda lori la mkaa upande wa pili, na lori linaondoka naye akicheka. Basi. Hakutubu, hakushikwa, hakurudisha hata kipini cha pua.

Nikashikwa na hofu. Mchungaji alikuwa anakuja Jumapili kumpa baba meza ya Bwana. Nilijiuliza, nitamwachaje mzee wa kanisa aingie kaburini na hadithi ya mwizi aliyepona? Ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba nilitaka kurekebisha. Nilikuwa nimezoea kalamu nyekundu.

Basi alasiri hiyo, huku ukungu umesimama dirishani, nilisoma mpaka mtoni, kisha nikaacha kusoma nikaanza kutunga, macho yangu yakiwa kwenye ukurasa. Nikasema inspekta akamshika Dorika mkono kabla hajalowa. Nikasema Dorika akapiga magoti kwenye mchanga, akalia, akasema nimekosa. Nikamtia jela. Na huko jela nikamwokoa, nikampa na Biblia. Nilifanya yote hayo kwa sauti nzuri kabisa, sauti niliyokuwa nikiitumia mkaguzi wa shule akija darasani.

Ule mkono wa baba uliokuwa ukipapasa ukatulia.

"Walimshika?"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa mto?"

"Kwa mto."

"Hata hakuingia maji?"

"Hakuingia."

Akageuza uso ukutani. "Haya," akasema. "Umesoma vizuri, maitu. Rudisha kwa debe."

Laiti angenitukana. Kesho yake nilimuuliza nimsomee nini, akasema, "Wacha tu tukae." Tukakaa. Tukakaa hivyo siku nane, mimi na yeye na mvua ya rasharasha, wala hakuniomba tena kitabu chochote, na Alhamisi ya wiki iliyofuata, kabla ya chakula cha mchana, akafa akiwa bado ameelekea ukutani.

Tulimzika vizuri. Kwaya iliimba, wazee wa kanisa wakasema maneno mazuri, mengine ya kweli. Baada ya matanga nikaanza kusafisha store, nikakitoa tena kile kitabu, na safari hii nikaona kwenye ukurasa wa kwanza jina limeandikwa kwa penseli: Salimu. Nilimjua Salimu mmoja tu. Alikuwa fundi cherehani pale Majengo, Nyeri mjini, mzee Mwislamu ambaye ndiye aliyenishonea sare zangu zote za shule. Nikajua baba aliazima. Nikaona nikirudishe, angalau jambo moja liishe.

Nilimkuta barazani kwake, amevaa sweta mbili, mguu uko kwenye cherehani. Akanipa pole, akanipa kigoda. Nikampa kitabu. Akakishika, akakinusa, akatabasamu.

"Bado kinanuka mahindi," akasema. "Lakini hiki si changu, binti yangu. Baba yako nilimpa kabisa. Kilikuwa cha mama yako."

"Mama hakujua kusoma, Mzee Salimu. Hata Kiswahili hakujua."

"Najua. Baba yako ndiye alikuwa anamsomea. Nyinyi watoto mlikuwa bweni, mngejuaje? Kila Jumamosi mchana wanaingia kwa store kupukuchua mahindi, wanafunga mlango kwa sababu ya watu wa kanisa. Mama anapukuchua, mzee anasoma mstari kwa Kiswahili, anaugeuza Kikuyu. Mimi na baba yako tulikuwa tunabadilishana vitabu tangu alipotoka Nanyuki, nilimpa vingi. Mama yako alivikataa vyote. Alitaka hiki tu. Kikiisha wanaanza tena."

Nikauliza kwa nini hiki. Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nilikuwa nimeanza kuogopa.

"Kwa sababu ya pale mtoni," akasema. "Baba yako aliniambia, kila wakifika hapo mama anaweka gunzi chini. Anasema, 'Mwache aende. Angalau mmoja wetu aende.' Kila mara, maneno ni hayo hayo. Wakimaliza wanacheka wawili. Alipokufa, mzee alikuja hapa akakaa hapo ulipokaa, akaniambia, Salimu, sasa nani atamwambia inspekta amwache?"

Mwanangu, mama yangu alizaliwa ng'ambo ya mto huu wetu na akaolewa upande huu. Mbali alikowahi kufika ni Karatina, sokoni. Alichuma kahawa na mgongo umepinda, alizaa watoto saba akazika watatu, na siku ya mwisho ya uhai wake alikuwa amebeba majani ya ng'ombe. Sikuwahi kumuuliza kama alitaka kwenda mahali. Ilikuwa haijanijia akilini kwamba mama ni mtu wa kutaka kwenda mahali.

Mzee Salimu akauliza, "Alikuomba umsomee?"

"Ndiyo."

"Ukamaliza?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimechoka kudanganya wazee. Nikamweleza yote, magoti, jela na Biblia. Alisimamisha cherehani. Alikuwa mtu mpole, sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku hiyo hakuipaza.

"Binti," akasema, "mgonjwa amekuomba maji, wewe umempa dawa. Mimi na baba yako, yeye Mkristo, mimi Mwislamu, hatukukosana hata siku moja juu ya Mungu. Dini yake aliijua kukushinda wewe. Hakukuita umfunze. Alitaka kukaa na mke wake kidogo, na ile njia ya kumfikia ulikuwa umeishika wewe mkononi. Ukamfungia." Akanirudishia kitabu. "Chukua. Sasa ni chako. Usikisahihishe." Kisha akaendelea kushona, na nilipoaga aliitikia bila kuinua kichwa.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja mpaka kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi, maua ya kanisa yameoza kwa mvua. Baba na mama wamelala sambamba pale kwenye kahawa, unapajua, huwa unapita hapo ukienda kuteka maji. Nilisimama katikati yao nikafungua ukurasa wa mtoni, nikausoma wote kama ulivyoandikwa, inspekta anashusha bunduki, Dorika anaingia majini, lori, kicheko. Nikausoma kwa Kiswahili kisha kwa Kikuyu. Nilipofika mahali pa mama nikanyamaza ili aseme. Mwanangu, kaburi halisikii. Watu wakikwambia linasikia, wanakufariji tu. Nilikuwa nikijisomea mwenyewe katika manyunyu, na yule niliyepaswa kumsomea alikufa akijua kwamba Dorika ameshikwa, na kwamba aliyemshika ni binti yake. Siku hiyo nilielewa kwamba niliyemkamata pale mtoni ni mama yangu. Majuto ni mjukuu, na wangu huyu hajawahi kuniacha, tumezeeka pamoja.

Kwetu husemwa kwamba mwerevu ni yule aliyeonywa. Basi nakuonya, sikiliza. Usimcheke mtu kwa anachosoma, hata kama ni takataka machoni pako, maana hujui ameketi na nani mle ndani. Na mtu akikuomba umsomee, soma kilichoandikwa. Kama hukubaliani nacho, funga kitabu kwanza, kisha mgombane, ana masikio na ana mdomo. Usimsahihishie mtu furaha yake wakati yeye hana macho ya kukukagua.

Vile vizito visome pia, usidhani nimevitukana. Kuna riwaya moja nilifundisha miaka mingi kwa ajili ya mtihani nikiichukia, nikaipenda nilipostaafu, nilipoisoma bila kuiuliza maswali. Kuna nyingine wasomi wanaisifu mpaka leo, na mimi nikiiona hata kabatini nasinzia. Mashairi ya zamani nayapenda asubuhi. Wapelelezi nawapenda mvua ikinyesha. Na ile riwaya yangu ya mapenzi bado ninayo, karatasi ya kaki niliitoa siku ile ile niliyotoka kaburini, iko pale rafuni karibu na Biblia, mchungaji huiona kila akija kunywa chai. Wala hajawahi kuniuliza. Ninachokukataza wewe ni kuificha. Ukizoea kuona haya kwa kile unachokipenda, utaanza kuwaonea haya wanaokipenda hadharani, na kutoka hapo ni hatua ndogo mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa.

Sasa neno la mwisho, nalo usiende kumlilia mama yako kabla sijamwambia mwenyewe. Kisukari ni urithi, na sisi hatukurithi kahawa peke yake. Mwezi uliopita daktari wa macho alinionyesha herufi ukutani, zile kubwa nikaziona, za kati nikabahatisha. Amesema labda mwaka, labda miwili. Huu uso wako ninauona vizuri dirishani hapo, lakini maandishi ya kile kitabu siku hizi ni kama mchwa wanatembea. Kimo storini, kwenye debe lile lile, ndani ya nailoni. Siku nitakapokuomba, ingiza mkono mpaka chini. Mabusu usiyaruke. Na ukifika mtoni nitanyamaza kidogo, nawe ninyamazie, kuna watu nitakuwa ninawasikiliza. Halafu usimshike, Nyambura. Mwache aende.

Haya, sogea hapa, fungua kifua nikutemee mate ya baraka kama tulivyotemewa na waliotutangulia. Mungu akuhifadhie macho yako mpaka uchoke kuyatumia. Usikose cha kusoma wala mwenzi wa kucheka naye mwishoni. Pale nilipozama wewe uvuke, ufike mbali kuliko Karatina, mbali kuliko sisi wote. Na ukiwa mzee kama mimi, Mungu akupe mtu wa kukusomea aliye mwaminifu kuliko nilivyokuwa. Sasa toa hiyo simu, uanze pale ulipokuwa umefika jana.